Jinsi Tulivyolaza Magari

Kabla sijapeleka gari Kampene, jioni ya kuamkia safari natandika katoni kavu chini ya injini, na nyingine nyuma ya kila gurudumu. Asubuhi nazikagua. Doa zito jeusi ni oili ya injini, hilo nitalishughulikia. Doa jembamba kando ya gurudumu ni mafuta ya breki, na hapo safari imekufa, hata kama mizigo imekwisha fungwa kamba na abiria wananiita mchawi. Halafu nakaza nati za magurudumu kwa mkono wangu, naangalia maji na ukanda wa feni, nawasha taa mchana kweupe, watu wacheke watakavyo. Mimi mwenyewe nalala mapema, nakula kabla ya kuondoka, navaa viatu vya kufunga badala ya kandambili, na kitenge nakikunja juu ya suruali kisije kikanasa kwenye pedali. Na kama nimegombana na mtu asubuhi ile, sishiki usukani mpaka hasira ishuke. Ndiyo maana nasafiri kidogo kuliko wenzangu. Hasira yangu haina haraka ya kushuka.

Wenzangu hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, wana njia yao ya kutayarisha gari. Wanaliosha nje ling'ae, wanabandika maneno ya Mungu kwenye kioo, wanapandisha watu juu ya magunia, mmoja anasema bismillahi, mwingine anapiga ishara ya msalaba, wanaondoka. Ukiwauliza kuhusu freni, kama tunavyoziita breki huku kwetu, wanajibu, "Mama, Mungu iko." Mungu yuko, sikatai. Lakini sijasikia hata siku moja kwamba ameshuka kumwagia mtu mafuta ya breki kwenye kikopo chake.

Wananiita mwoga. Sina woga, nina uchungu, na uchungu wangu unakaa nyumbani kwangu kwenye kiti cha mianzi, mguu mmoja umenyooka kwa sababu haukunjiki tena. Ni baba yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, na ndiye aliyenifanya nisimwamini dereva yeyote, yeye akiwa wa kwanza.

Wakati wa vita, kutayarisha gari katika mji huu kulikuwa kinyume na hiki ninachofanya mimi. Ulilitayarisha ili lisiende. Wenye bunduki walibadilika, wakaondoka hawa wakaja wale, lakini wote walipenda kitu kimoja: gari zima. Gari lililowaka asubuhi lilikuwa lao kabla ya mchana. Basi wenye magari wakabuni kazi tuliyoiita kulaza. Ukirudi nyumbani, unalaza gari. Huyu alichomoa betri akaizika chini ya jiko la mkewe. Yule aliondoa magurudumu, gari likakaa juu ya matofali kama mgonjwa juu ya kitanda cha hospitali. Mwingine alitoa kipande kidogo cha injini, akakishona ndani ya mto na kukilalia. Kila mmoja alikuwa na siri yake, na jirani hakuuliza.

Askari hawakuwa wajinga. Wakakuta gari halina betri, wakamchapa mwenye gari mbele ya watoto wake mpaka akaenda kuifukua mwenyewe. Wakakuta halina magurudumu, wakamtandika mpaka magurudumu yakaonekana. Hapo baba, aliyekuwa na kamioneti yake kuukuu ya kubebea mchele, akafikiri zaidi ya wenzake. Akasema kitu kinachokosekana waziwazi ndicho kinachokuponza. Ni lazima gari liwake, liende, lakini lisifike. Akalegeza msumari wa kutolea hewa ya breki kwenye gurudumu, akakanyaga pedali mpaka mafuta yote ya breki yakatoka, akayakinga na kuyatia kwenye chupa. Akang'oa na honi pia, kwa sababu askari walipenda magari yenye honi kama watoto wanavyopenda filimbi. Chupa aliiweka jikoni, nyuma ya chungu cha mawese. Alipohitaji gari kwa safari yake, aliyarudisha mafuta, akatoa hewa, akaendesha salama. Aliporudi, alilaza tena.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza kuiona chupa ile alimuuliza inafanya nini jikoni kwake. Baba akamweleza, na akacheka kidogo, kwa sababu alijiona mwerevu.

"Mwizi akivunjika shingo, si miye nilimuvunja," alisema. "Njo gari imemuvunja."

"Na mutu wa njiani?" mama akauliza.

"Mutu gani?"

"Ule mwenye atakuwa anapita."

Baba akasema mwanamke hajui mambo ya gari. Nilikuwa nimekaa pale pale nikitwanga sombe, majani ya muhogo, msichana mkubwa wa kuolewa, na ningeweza kucheka naye. Mama hakucheka. Alirudisha chupa mahali pake, akaendelea kupika.

Na kweli, mara ya kwanza hila ile ilifaulu. Askari wakaja wakalichukua gari bila kuuliza, mmoja wao akashika usukani, wakashuka nalo barabara ya kuelekea kituo cha treni wakiimba. Kabla ya kona likaingia mfereji. Wakalitukana, wakalipiga mateke, wakaliacha. Jioni baba na majirani wakalisukuma mpaka nyumbani, na usiku mzima watu walikunywa kahawa barazani kwetu wakirudia hadithi. Baba akawa mtu. Wanaume wazima walimjia kunong'ona naye wafundishwe ile ya freni. Nadhani hakuwahi kuwa na furaha kama ile katika maisha yake, na mpaka leo naichukia furaha ile.

Kulikuwa na jambo moja ambalo baba, kwa werevu wake wote, hakulifikiri. Askari waliweza kulitaka gari pamoja na dereva.

Walikuja saa za adhuhuri, baba akiwa ametoka msikitini na kanzu yake ingali safi. Mkubwa wao alikuwa amesikia kwamba kamioneti ile ina tabia mbaya na mtu asiyeizoea. Akamwambia baba apande yeye mwenyewe, awapeleke kivukoni na mizigo yao, wavuke kwenda ng'ambo, Alunguli. Baba akasema gari ni gonjwa. Mkubwa akaliwasha, likawaka mara moja. Akamtazama baba, akaweka mkono kwenye bunduki, akamwambia, "Mgonjwa wako anapumua vizuri."

Nimelifikiri jambo hili miaka yote hii na nitalisema kwa haki. Kama baba angetamka kwamba breki hazina mafuta, angekuwa amekiri kwamba alilitega gari liwaue, na wangempiga risasi pale pale mlangoni, labda na sisi pia. Kama angeomba dakika chache arudishe mafuta, ingekuwa kukiri vilevile. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni. Baba akamtazama, mama akamtazama. Baba akapanda.

Aliendesha kwa gia ya kwanza, breki ya mkono imevutwa nusu, na askari nyuma wakamcheka kwamba anaendesha kama bibi arusi anavyotembea. Mtaa wa kwanza akapita. Sokoni akapita. Mimi na mama tulifuata kwa miguu, mama akikimbia na nguo zikimwanguka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Anayejua Kindu anajua njia inavyomwagika ghafla kabla ya kivuko, udongo mwekundu mpaka kwenye maji. Pale juu ya mteremko, waya wa breki ya mkono ulikatika. Gia ikaruka. Gari lilikuwa na mizigo na watu, na mteremko hauna huruma.

Kando ya njia wanawake walikuwa wamepanga samaki wa kukausha. Watu walioona wanasema baba alitoa kichwa nje ya dirisha akawa anapiga kelele kwa mdomo, kwa sababu honi alikuwa ameing'oa kwa mikono yake. Wanawake wakatawanyika. Mmoja aliinama kuokoa sinia lake. Alikuwa jirani yetu, nyumba ya nne kutoka kwetu, mama wa mtoto mmoja aliyekuwa bado ananyonya. Gari lilimpitia, halafu likapiga nguzo ya chuma ya kufungia kivuko, na mlango ukaukunja mguu wa baba ndani yake. Askari walikuwa wamekwisha ruka. Walimtoa kwa kumvuta, wakampiga hapo hapo akiwa na mguu uliovunjika, wakimwita mzee asiyejua kuendesha.

Sisi tulifika wakati watu wamemfunika yule mama kwa kitenge cha mwenzake. Mama yangu akapiga magoti kando yake, akakusanya samaki mmoja mmoja kutoka kwenye udongo akawarudisha kwenye sinia. Sijui kwa nini alifanya hivyo.

Mji mzima ulisema askari ndio waliomuua. Walimlazimisha mzee wa watu akimbize gari, walisema. Hakuna aliyeuliza juu ya breki. Labda waliwaza kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayeendesha gari lake mwenyewe bila breki. Labda baadhi yao walijua vizuri sana, lakini nao walikuwa na magari yaliyolazwa uani, na mdomo ukawa mzito. Wahenga wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Si siku zote. Kuna visima ambavyo huingia mpita njia, na mchimbaji anapewa pole.

Maana baba alipewa pole. Mama wa marehemu, aliyebaki na mjukuu mgongoni, alikuja kumwona kitandani siku chache baada ya mazishi. Alimshika mkono akamwambia, "Na weye pia wamekuua, baba." Baba akalia machozi mengi, akaipokea pole. Mama yangu alitoka nje. Tangu siku hiyo hakupanda gari tena, hata la kumpeleka hospitali, akatembea kwa miguu mpaka alipokufa. Mimi nilibaki chumbani nikimtazama baba analia, na nilimwonea huruma, kisha huruma ikaisha.

Yule bibi aliendelea. Kila Idi, katika vita na baada ya vita, alimletea baba sahani ya wali na kuku, imefunikwa kitambaa cheupe. Kama hana kuku, alileta mayai. Alisema wao wawili ni watu wa msiba mmoja. Baba alikula. Nilikuwa namtazama anavyokula, anavyonyonya mfupa, na nilitamani kumnyang'anya sahani. Nilichotaka kwake ni kitu kimoja tu: amwambie yule bibi kabla mmoja wao hajafa. Nilimwambia hivyo mara nyingi, kwa upole na kwa ukali. Alijibu kwamba maneno hayafufui. Mara nyingine alijibu kwamba ni vita, na vita haina dereva. Jibu hilo alilipenda, nikajua amelitafuta kwa muda mrefu.

Alinifundisha kuendesha akiwa amekaa upande wa abiria, mguu wake umenyooka mbele. Alikuwa mwalimu mkali. Alinitaka nijue kila kitu cha kuangalia kabla ya kuwasha, na nilipokosea juu ya breki alinipiga kofi mkononi. Siku moja nikamuuliza ukali huu wote alikuwa ameuweka wapi zamani. Akaniambia nizime injini, na somo la siku hiyo likaishia hapo.

Amani ilikuja, kama wanavyosema kwenye redio. Ila gari zima bado ni kosa hapa kwetu. Siku hizi hawaji na bunduki, wanakuja na tabasamu na karatasi yenye muhuri. Mkubwa fulani anatembelea mji, au kuna sherehe, au kuna maiti wa heshima, na gari lako linaombwa kwa siku moja. Linarudi tangi tupu, tairi limepasuka, na ndani kuna mifupa ya kuku. Kwa hiyo watu wameanza kulaza tena. Nawaona wakipita na taa moja, na mlango uliofungwa kwa kamba, wanajisifu kwamba ubovu ni bima. Nawatukana kimoyomoyo, na wengine nawatukana kwa sauti.

Mwaka huu, siku mbili baada ya Idi, aliingia uani kwetu kijana mmoja na gari lake jipya, jipya kwa kipimo cha Kindu. Kijana namwita, lakini ni mtu mzima, mwenye mke, ananunua madini kwa wachimbaji wa Kampene. Ni yule mtoto aliyekuwa ananyonya. Alimsalimia baba kwa adabu, akakaa kwenye mkeka chini yake, nami nikaleta chai.

"Mzee," alisema, "kuko mukubwa anakuja. Watu wa biro ya serikali wameanza kuzungukia magari. Hii yangu wakiikamata, nimekwisha."

"Njo vile wanafanyaka," baba akasema.

"Watu wanasema weye ulikuwa na dawa. Wakati wa vita. Unifundishe ile ya freni."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikasubiri baba ashtuke. Hakushtuka. Uso wake ulifunguka, miaka ikamtoka, na mikono yake, ambayo siku hizi hutetemeka hata kufungua kanzu, ikatulia kabisa. Akaanza kumweleza. Kwanza unatafuta msumari mdogo nyuma ya gurudumu, usitumie nguvu, usije ukaukata. Halafu mtu anakanyaga pedali. Kijana aliinamisha kichwa, akisikiliza kama mwanafunzi wa chuoni anavyomsikiliza mwalimu, na ana paji la uso la mama yake, yeyote aliyemjua mama yake analiona.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Niliweka birika chini kwa nguvu, chai ikamwagika.

"Baba," nikasema, "umwambie na mwisho wake."

Mikono ya baba ikasimama hewani. Kijana akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Mwisho gani, mzee?"

Sikuondoka. Nilijua nikiondoka atapata njia ya kukwepa. Kuku wakaja wakadonoa karibu na miguu ya baba, wakapita. Halafu akasema, na macho yake yakiwa kwenye mkeka, "Siku ya mama yako, gari haikukuwa na freni. Miye njo nilizitoa. Kwa mkono yangu. Na honi, miye."

Akaeleza yote. Hakuongeza kwamba ni vita. Nilikuwa nimekaa tayari kumkatiza akilisema neno lile, hakulisema. Alipomaliza, kijana alikunywa chai iliyobaki kwenye kikombe chake, polepole, mpaka mwisho. Akakiweka chini.

"Miye nilishamaliza kusamehe basoda, wale wenye bunduki, mzee," alisema. "Ilinichukua maisha yangu yote. Sasa unataka nianze tena na weye?"

Baba akafungua mdomo. Kijana hakungoja. Alisimama, akatoka kwa miguu, akaelekea upande wa mtoni, ufunguo wa gari ameuacha kwenye mkeka. Sijui kama aliusahau au hakutaka kushika usukani akiwa katika hali ile. Kama ni hilo la pili, basi ana akili kuliko sote.

Tulikaa. Baada ya muda baba akaniambia nimrudishie mtoto wa watu gari lake, nisiliache hapa uani. Nikakubali. Nikalikagua kama ninavyokagua langu, lilikuwa zima lote. Nikamwambia na yeye apande. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nyumba ni ya nne tu, hatachoka. Nilimwinua kwenye kiti mimi mwenyewe, nikamkalisha mbele, nikauingiza mguu wake uliokauka, nikafunga mlango.

Kijana hakuwa amefika nyumbani. Bibi yake alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachambua mchele, mgongo umepinda mpaka uso unakaribia punje. Alipoona ni baba, akaweka ungo chini akacheka kwa kinywa kisicho na meno. Kwa kicheko kile nikajua hajaambiwa kitu.

"Ndugu yangu!" akaita. "Leo Mungu amekuleta! Sahani yangu ya Idi ilikufikia?"

Baba alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Turudi," akaniambia kwa sauti ndogo. "Mwanangu, nakuomba. Turudi. Nitakuja kesho."

Bibi alikuwa amekwisha anza kuinuka, mkono mmoja kwenye ukuta, anakuja kumpokea. Nikazima injini. Nikachomoa ufunguo, nikazunguka mbele ya gari, nikamfungulia mlango.

"Shuka, baba," nikamwambia.